Kilabu cha kwenye picha ya babu

Najua nimepotea hapa ukumbini karibu mwezi mzima. UE zilinibana, halafu nikaenda nyumbani, na nilikotoka nyumbani nimerudi na kitu ambacho kimeninyima usingizi. Leo hosteli imetulia, wenzangu wote wako kwenye mpira, ngoja niwasimulie.

Kuna picha moja ya familia yetu. Nyeusi na nyeupe, ya mraba, imekunjika pembe moja. Babu amesimama mbele ya nyumba yenye mlango mpana, amepakata mtoto. Bibi amekaa kwenye benchi, ana kata mkononi. Pembeni kuna watu sita saba na vikombe vyao, na kabinti kadogo kamekatwa nusu na ukingo wa picha. Miaka yote tulivyoambiwa ni kwamba hiyo ni baa ya Kilosa mjini, mwaka 1973, babu alipokuwa kibarua wa reli, na mtoto aliyepakatwa ni mama yangu.

Kwa nini nihangaike na picha ya baa? Manake kuna shamba. Babu alifungua shamba kando ya mfereji kule Lumuma, na leo ni shamba la vitunguu. Anayejua vitunguu vya Lumuma anaelewa nasema nini, hilo si shamba la kuachia ndugu kwa tabasamu. Babu alikuwa Mgogo wa upande wa Mpwapwa, akahamishiwa Tabora mwaka 1976, akaoa huko, na inasemekana hakukanyaga tena Lumuma mpaka anafariki 1998. Mjomba wangu mdogo alizaliwa Machi 1979. Hesabu mnaiona wenyewe. Ndugu wa Tabora wameiona pia, na mwaka huu wamesema wazi kwamba mjomba si wa nyumba ile, ashuke shambani. Bibi alifariki 2011 kwa hiyo hawezi kujibu. Upande wa bibi, ambao ni Wasagara, swali lenyewe wanaliona la ajabu kidogo, kwa sababu kwao mtoto ni wa ukoo wa mama na mambo yameisha. Lakini shamba ni la babu, na kwa Wagogo ukoo unafuata baba.

Basi mimi, mwanafunzi wa historia mwaka wa pili, nikajifanya mpelelezi.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba picha ya kilabu ina mengi ya kusoma kuliko picha ya harusi. Kwenye harusi watu wamejipanga. Kilabuni vitu vimeachwa vilivyo. Niliiskani kubwa kadiri mashine ya pale stationery ilivyoweza, nikaanza kutembea nayo kipande kwa kipande kwenye laptop ya mwenzangu.

Umbo la mraba halikunisaidia sana. Kamera za katriji zilizotoa picha za namna hiyo zilitoka kiwandani Kodak mwaka 1963 na ziliendelea kwa miaka mingi, kwa hiyo 1973 ingewezekana kabisa. Kofia ya babu niliitegemea mno. Hadi 1977 reli ilikuwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka huo ndipo likaja Shirika la Reli Tanzania, nikawaza labda kwenye kofia kuna herufi. Herufi zipo! Ila zimekuwa ukungu mtupu, hata ukikodoa macho hadi machozi.

Halafu nikashuka kwenye benchi. Miguuni pa mzee mmoja kuna chupa. Wengine wote wana vikombe vya pombe ya kienyeji, yeye peke yake ana chupa, nadhani alikuwa mgeni au alikuwa na hela. Lebo imegeuka nusu, lakini herufi nne zinasomeka: S, A, F, A. Niliruka kitandani, kweli tena. Bia ya Safari ilianza kuuzwa mwaka 1977. Haikuwepo 1973, haikuwepo 1976 babu alipohamishwa.

Sikutaka kujenga nyumba nzima juu ya chupa moja. Nikatafuta cha pili. Nyuma ya paa kuna mlingoti na bendera iliyolala lala, na kwenye mkunjo wake kuna alama nyeupe juu ya kitambaa cheusi, jembe na nyundo. Bendera ya TANU ilikuwa na mistari tu, kijani, nyeusi, kijani. Jembe na nyundo ni CCM, na CCM imezaliwa tarehe 5 Februari 1977. Vitu viwili visivyojuana vinasema mwaka ule ule.

Hapo ndipo picha nzima ikageuka. Mama yangu amezaliwa 1972. Kama picha ni ya 1977 au baadaye, mama hawezi kuwa mtoto mchanga wa kupakatwa. Mama ni kale kabinti kaliko katwa ukingoni. Nikamtumia kipande hicho kwenye simu bila maelezo, akajibu: "Hilo gauni nalijua." Basi.

Lakini wapi? Manake ndugu wa Tabora wangeweza kusema vizuri tu kwamba bibi ndiye aliyemfuata babu huko huko, picha imepigwa Tabora. Hapa ikabidi niingie maktaba, na niseme ukweli, nilikwenda kutafuta ushahidi nikabaki nasoma kwa utamu.

Sisi tunadhani kilabu ni kitu cha asili, kumbe ni kitu cha serikali kwa kiasi kikubwa. Zamani pombe ilinywewa nyumbani kwa mtu, baada ya kulima kwa ushirika, kwenye matambiko, kwenye mahari, na wazee ndio walioamua nani anywe. Ukoloni uliikuta pombe na mambo mawili kichwani: kuogopa fujo na kutafuta ushuru. Mvinyo mkali Waafrika walikatazwa kwa mikataba ya kimataifa, ule wa Brussels wa 1890 na wa Saint-Germain wa 1919. Pombe ya kienyeji hawakuweza kuikataza, basi wakaikusanya mahali pamoja, yenye kibali, inayohesabika. Justin Willis ameeleza mabadiliko haya kwa Afrika Mashariki nzima kwenye kitabu chake cha 2002, Potent Brews. Na wilaya yetu hii hii ya Kilosa ina makala yake maalumu: T. O. Beidelman, aliyeishi Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1961 andiko zima kuhusu unywaji wa pombe na wizi wa ng'ombe baina ya Wakaguru na majirani zao wafugaji. Kilabuni ndipo makabila yalipokutana, yakauziana, yakagombana.

Uhuru haukubadilisha sana. Mwaka 1966 ikaja sheria ya moshi, ambayo ndiyo iliyoruhusu mvinyo wa kienyeji utengenezwe tu kwa leseni, ndiyo maana gongo mpaka leo inanyweka kwa kuangalia nyuma. Mwaka 1968 ikaja sheria ya vileo, vibali na masaa. Kisha Operesheni Vijiji ya kuanzia 1973 na 1974 ikashusha watu toka milimani, na vijiji vipya vikapata ofisi, shule, na mara nyingi kilabu pembeni. Kwa hiyo mlingoti wa bendera nyuma ya kilabu si bahati. Ofisi na kilabu vilikaa jirani, mwenye kukusanya ushuru hakutaka kutembea mbali!

Maktaba ilinipa aina ya mahali. Mahali penyewe ilibidi niende. SGR mpaka Morogoro, basi mpaka Kilosa, kisha lori lililokuwa linafuata vitunguu. Jina lenyewe la Lumuma ni la kale, Burton alipopita na Speke mwaka 1857 aliliandika Rumuma, nami kwenye lile lori nilimhurumia, yeye alikwenda kwa miguu na punda.

Mbinu ni rahisi na nawapa bure. Usitafute nyumba, nyumba hubomoka. Tafuta mlima. Kwenye picha, juu ya paa, kuna mstari wa mlima wenye nundu mbili na bonde dogo katikati, nundu ya kulia imekatika kama ngazi. Nilizunguka na simu nikiwa nimeiweka picha ya babu nusu ya kioo na kamera nusu nyingine. Siku ya kwanza hakuna. Siku ya pili, asubuhi, nyuma ya banda la kuhifadhia vitunguu, nundu mbili zikakaa sawasawa, na ngazi ikaja yenyewe. Nilisimama pale pale alipokuwa amesimama mpiga picha.

Kilabu hakipo. Msingi wa matofali ya kuchoma upo, umemea majani. Nikaelekezwa kwa bibi mmoja wa makamo ya bibi yangu, alikuwa mpika pombe. Nikamsalimia shikamoo, nikakaa chini, nikampa picha. Hakuangalia sura kwanza. Aliangalia mlango.

"Huu mlango tuliukata," akasema. "Chini unafungwa, juu unabaki wazi. Walevi walikuwa wanaingia hadi kwenye mapipa."

Kisha akaonyesha kata mkononi mwa bibi. "Mwenye kushika kata ndiye mwenye zamu. Hii ilikuwa pombe yake."

Akanieleza zamu zilivyokwenda. Kila mwanamke alikuwa na siku yake. Unaloweka nafaka, unaiacha ichipue, unaianika, unaisaga, ndiyo kimea hicho, unapika, unasubiri ichachuke. Hesabu karibu wiki mbili kabla ya siku moja ya kuuza. Unalipa ushuru, unalipa kuni, kinachobaki ni daftari na sare za watoto. Mama yangu amesoma kwa kata hiyo, nikiwemo na mimi kwa kuunganisha unganisha, na boom yangu ninayoilalamikia hapa kila muhula haijawahi kuchacha wiki mbili.

Nikauliza kuhusu babu kwa kuzunguka, mjukuu huulizi mambo hayo moja kwa moja. Akacheka. "Yule wa reli? Alikuwa anakuja. Anashuka Kidete, anapanda na miguu, anakaa siku mbili tatu. Likizo zake hizo. Ungemwambia nani Tabora?"

Mtoto aliyepakatwa kwenye picha anakaa wima, shingo imekaza, miezi minane hivi au zaidi. Kama ni wa Machi 1979, tuko mwisho mwisho wa mwaka ule au mwanzo wa 1980. Mama kwenye ukingo ni wa miaka saba, na meno ya mbele hana. Vyote vinaingia.

Najua picha haithibitishi damu, mhadhiri wangu angenikata maksi nikidai hivyo. Inathibitisha kwamba mtu aliyesemwa hakurudi alirudi, kwamba alisimama hadharani mbele ya ofisi ya kijiji na kilabu kizima kikimwona, amempakata yule mtoto, siku ya zamu ya mkewe. Mtu anayekana mtoto hampigii picha kilabuni.

Nilipomwonyesha mjomba alikaa kimya muda mrefu. Ana miaka arobaini na kitu na hakuwahi kujua kwamba kuna picha yake na baba yake, kwa sababu siku zote tulimwambia yule ni dada yake. Akauliza kitu kimoja tu, kama inaweza kutolewa nakala kubwa. Nimemtolea mbili. Moja ameiweka kwenye bahasha ya kadi yake ya kliniki, ile nyingine ndiyo ataenda nayo kwenye kikao cha ukoo baada ya mavuno. Mimi nitakuwa darasani, mama ndiye atakayeeleza habari ya chupa na bendera. Nimemwandikia kwenye karatasi, kaniambia niache kumfundisha, ile siku yeye alikuwepo.