Mwezi wa tatu: jamaa zilizohamia Kisangani wakati wa shida ya pesa

Kila jamaa inayotuandikia kutoka Kinshasa, Kampala au Butembo kwamba biashara imekufa na inataka kurudi Kisangani, sisi tunajibu na swali lile lile: muko wangapi, na safari ni bei gani? Tumefanya hivyo tangu ushirika ulipoanza. Hata kitabu cha mweka hazina kimechorwa hivyo: safu ya kwanza masuwa, safu ya pili lori, safu ya tatu mizigo. Safu nyingine hakuna.

Katika kikao kilichopita mama mmoja wa Mangobo alisimama akasema: "Munatulipiyaka masuwa, Mungu awabariki. Lakini miye sikuangukaka mu masuwa. Nilianguka mu mwezi ya tatu." Watu walicheka, kisha wakanyamaza, maana wengi wetu tulianguka mwezi ule ule. Mwezi wa kwanza ndugu anakupokea kwa furaha. Mwezi wa pili anakuvumilia. Mwezi wa tatu makuta uliyokuja nayo yamekwisha, bayeri anagonga mlango, na watoto wamefukuzwa shuleni.

Kamati ilituomba sisi tunaoandika gazeti hili tutazame nyuma: jamaa zilizohamia huku wakati wa shida ya pesa zilifanya nini zikasimama, na zilizoanguka zilianguka wapi? Tuliuliza wazee, tukasoma pia kidogo kazi za watu wa chuo kikuu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kisangani ni mji wa watu waliotoka mahali pengine. Wagenia walikuwa hapa kwenye maporomoko na mitego yao kabla ya Stanley kuweka kituo chake mwaka 1883, lakini mji wenyewe ulijengwa kwa sababu masuwa kutoka Kinshasa, safari ya kilomita zaidi ya 1,700, haiwezi kupanda maporomoko. Mizigo lazima ishuke. Mwaka 1906 reli ya kilomita 125 ilimalizika kati ya ng'ambo ya kushoto na Ubundu, na kwa njia hiyo watu wa Maniema wakazidi kushuka na Kiswahili chao. Kwa hiyo mtu akisema "miye ni mwenyeji wa hapa", mwulize babu yake alishuka kutoka chombo gani.

Kipindi chenye mafunzo mengi kwetu kinaanza tarehe 30 Novemba 1973. Siku hiyo Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba makubwa na biashara za wageni zitapewa Wazaire. Hapa mjini maduka mengi yalikuwa ya Wagiriki, Wahindi na Wareno. Wengi waliopewa hawakuwa wafanyabiashara. Waliuza vitu vilivyokuwa dukani, wakala pesa, hawakuagiza vingine. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanza kuanguka duniani, na serikali iliyoishi kwa shaba ikakosa pesa za kununua vipuri, mafuta na dawa. Barabara zikaachwa. Zaire, ambayo ilipotoka mwaka 1967 ilibadilishwa moja kwa dola mbili, ikaanza kushuka. Kufika Septemba 1983 dola moja iliruka kwa mara moja kutoka zaire sita hivi hadi karibu 30.

Katika miaka ile ile ya kuanguka, kuna watu walihamia Kisangani na kusimama. Janet MacGaffey, mtafiti aliyekuwa hapa mwisho wa miaka ya 70, aliandika juu yao katika kitabu chake cha mwaka 1987. Walikuwa Wanande, wafanyabiashara kutoka Butembo na Lubero, walioleta maharagwe na mboga za milimani kwenye mji ambao maduka yake yalikuwa matupu. Hawakungoja kupewa duka la Mgiriki. Walijua mji una njaa, na walijua nani kule nyumbani analima.

Wazee wetu wenye asili ya huko wanasimulia jinsi jamaa zao zilivyohama, na hapa tunaomba msomaji asiende mbio. Hakuja baba na mama na watoto saba na godoro juu ya lori moja. Alikuja kijana mmoja, mdogo wa baba, na mzigo wa maharagwe. Aliuza, akalala ghalani juu ya magunia, akajifunza Kilingala cha soko, akarudi. Akaja tena. Safari ya tatu au ya nne alikodi chumba. Kisha kaka akaja na mke wake. Watoto walibaki kwa bibi, na shamba lilibaki linalimwa. Mwaka ulipita, au miwili, kabla nyumba nzima kuwa Kisangani, na hata hapo mlango wa Butembo haukufungwa. Barabara ile ya zaidi ya kilomita 700 kupitia Mambasa na Bafwasende ilipoharibika kabisa, hawakuwa wamekatwa: kulikuwa na mtu pande zote mbili.

Tofautisha na mwalimu au karani wa serikali aliyehamishwa kwa barua wakati ule ule. Yeye alikuja na jamaa yote mara moja, maana barua ilisema aripoti kazini. Alikuwa na cheo, nyumba na ahadi ya mshahara. Mshahara ukachelewa, halafu ukafika bila thamani. Kwa macho ya watu yeye ndiye aliyekuwa amepanga vizuri, na kumbe ndiye aliyekuwa hatarini zaidi, kwa sababu hakuwa na kitu kingine hapa isipokuwa karatasi ile.

Aliyemwokoa ni mke wake. Profesa Benoît Verhaegen, aliyefundisha miaka mingi katika chuo kikuu chetu, alikusanya masomo juu ya wanawake wa Kisangani na namna walivyopambana kuishi. Kitabu kilitoka mwaka 1990. Sisi wenyewe tulikuwa watoto katika nyumba hizo na tunakumbuka. Mama alivuka mto na pirogi alfajiri kwenda kulima muhogo upande wa Lubunga, au alitafuta kipande kando ya barabara ya Buta. Alirudi na sombe kichwani, nusu ya kula, nusu ya kuuza. Alitengeneza kwanga. Alikuwa katika likelemba ya wanawake kumi, na zamu yake ilipofika ndipo minervali ya watoto ililipwa. Baba aliendelea kuvaa abacost na kwenda ofisini, tena kwa heshima. Katika mazungumzo ya jioni walikuwa wanasemaga kwamba "mshahara wa baba" ndio unaolisha nyumba. Haikuwa kweli, na kila mtu mezani alijua.

Jambo lingine la miaka ile: usihame na pesa za karatasi peke yake. Siku ya Noeli ya mwaka 1979 serikali ilitangaza kwamba noti za zaire tano na zaire kumi hazina kazi tena, na ikatoa siku chache za kubadilisha, kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Nani angefika benki kutoka msituni katika siku hizo? Mzee mmoja wetu anasema baba yake alikuwa Isiro, ameweka pesa za kuhamisha jamaa ndani ya mkebe wa maziwa, zote noti za kumi. Mkebe bado wanao. Walihama hata hivyo, miaka minne baadaye, na safari hiyo baba alibeba mafuta ya mawese na cherehani.

Almasi tutaipita upesi. Biashara yake ilipofunguliwa kwa watu wote mwanzoni mwa miaka ya 80, vijana waliingia msituni, na wachache walirudi na pesa. Kodi za nyumba mjini zilipanda kwa wote, hata kwa wale ambao hawakuwahi kuona jiwe.

Halafu ikaja vita, ambayo ndiyo iliyotufanya sisi tuitwe waliorudi. Kisangani ilianguka mikononi mwa RCD na washirika wake Agosti 1998, na biashara ya mto na Kinshasa ikakatika karibu miaka mitano. Mji uliojengwa kwa ajili ya masuwa ukabaki bila masuwa. Chumvi na sabuni zilikuja kwa ndege, na bei yake ilikuwa ya ndege. Watu walisukuma baiskeli siku nyingi msituni kuleta mafuta na mchele, na mjini baiskeli za toleka zikawa teksi zetu. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu siku sita. Umoja wa Mataifa uliandika kwamba raia zaidi ya 760 waliuawa, watu kama 1,700 wakajeruhiwa, nyumba zaidi ya 4,000 zikaharibika, na watu 65,000 wakakimbia. Wengine walirudi kutoka msituni wiki ile ile. Wengine walikwenda mbali zaidi, na hao ndio wengi wa wanachama wetu.

Serikali ya mpito ilipoundwa mwaka 2003 na masuwa zikarudi, tulianza kurudi nasi. Tulirudije? Tuseme ukweli: kama yule karani. Jamaa yote, mara moja, na barua mkononi, barua ya shirika au ya ndugu inayosema "kuyeni, amani iko". Watoto waliozaliwa Kampala walishuka kwenye mji wasioujua, wakiongea Kiingereza na Kiganda, wakawekwa darasa la Kifaransa. Kwa baba na mama ilikuwa kurudi. Kwao ilikuwa kuhamia mji mpya. Sisi wakubwa tulichelewa kuelewa hilo, na wako watoto waliopoteza mwaka mzima wa shule kwa sababu yetu.

Waliorudi kati ya 2015 na 2017 walikuta shida nyingine. Dola ilitoka faranga kama 920 ikafika karibu 1,600. Bayeri wengi hapa wanataka garanti na kodi kwa dola. Mwenye kuuza sombe analipwa faranga. Jamaa iliyopiga hesabu Januari ilikuta hesabu imekufa kabla ya mwaka kuisha. Tulipofungua tena barua za miaka hiyo tulihesabu ombi kwa ombi. Karibu zote za mara ya pili, yaani za jamaa ambazo tayari tulikuwa tumezilipia safari, ziliandikwa mwezi wa tatu au wa nne baada ya kufika.

Sasa kuna watu katika kamati wanaosema: vema, basi tuwape waliorudi mashamba ng'ambo, kama mama zetu. Tungependa iwe rahisi hivyo. Tangu mwanzo wa mwaka 2023 mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umeua watu na kuchoma vijiji upande wa Lubunga na Ubundu, na waliokimbia walikuja kulala mjini huku huku. Kumpa mtu aliyetoka Kampala kipande cha udongo ambacho mwingine amefukuzwa juu yake ni kuanzisha vita kwa mkono wa msaada. Shamba la mama zetu liliwezekana kwa sababu mwenye ardhi alimjua mama na mama alimjua yeye. Kitu hicho hakinunuliwi kwa pesa za sanduku.

Kinachobaki ni njia ya wale wa Butembo: mtu mmoja atangulie. Aje mkubwa mmoja, akae miezi mitatu, apate kazi au meza sokoni, aone nyumba kwa macho yake na aulize shule bei na lugha. Ushirika umtafutie likelemba ya kuingia tangu wiki ya kwanza, ili zamu yake ifike kabla jamaa haijafika. Na pesa tunazolipa zote siku ya safari tuzikate: sehemu ya safari, sehemu ibaki hapa hadi mwezi wa tatu.

Hapa tunasema na ninyi wafadhili wetu, kwa heshima. Munapenda picha ya masuwa ikitia nanga, jamaa ikishuka na mabeseni, watoto wakipunga mkono. Nasi tunapenda, na tumewatumia nyingi. Mwezi wa tatu hauna picha: ni mama anahesabu faranga mbele ya bayeri, na hakuna anayetaka kupigwa picha wakati huo. Tunawaomba mukubali risiti badala ya picha.

Wapo wanachama wanaopinga, na hoja yao ina uzito: kumtenga baba na watoto miezi mitatu si kitu kidogo kwa watu ambao vita ilishawatenga mara moja. Mama yule wa Mangobo mwenyewe hakukubali upesi. Alisema angekuja na watoto wake tu, hata kama angejua. Kwa hiyo hatutalazimisha mtu. Atakayependa kuja na jamaa yote tutamlipia kama zamani, ila sehemu ya mwezi wa tatu itabaki kwa mweka hazina.

Jamaa ya kwanza kwa utaratibu huu iko Kampala, watu sita. Baba atapanda lori peke yake, atafikia kwa binamu yake Kabondo. Mke atabaki na watoto hadi mwaka wa shule uishe. Mweka hazina amechora safu ya nne kwa rula katika kitabu chake. Bado haijaandikwa kitu ndani.