Hen Domen
Hen Domen ni mabaki ya ngome ya udongo na mbao ya Karne za Kati karibu na mji wa Montgomery, Welisi, si mbali na mpaka wa Uingereza. Kwa Kiwelisi jina lake lina maana ya "kilima cha kale".

Historia
Ngome ilianzishwa miaka ya 1070 na kabaila Mnormandi Roger de Montgomery ili kulinda kivuko cha mto Severn. Mwaka 1095 ilitekwa na Wawelisi, baadaye ikajengwa upya. Mwaka 1223 mfalme Henry III alianza kujenga ngome ya mawe jirani, lakini Hen Domen iliendelea kutumika kwa miaka mingi.

Muundo
Udongo uliochimbwa kwenye handaki ulirundikwa kuwa kilima, na juu yake ukasimamishwa mnara wa mbao. Chini ya kilima kulikuwa na ua wenye nyumba, uliozungukwa na kuta za udongo na mahandaki. Leo yanaonekana kilima, kuta za udongo na mahandaki tu.

Utafiti
Philip Barker alianza kuchimba eneo hilo mwaka 1960, na kazi iliendelea hadi mwaka 1992. Kwa kuwa mbao zilikuwa zimeoza, wanaakiolojia walitambua mahali pa nguzo kwa kufuata tofauti za rangi ya udongo. Waligundua kwamba majengo yalijengwa upya mara nyingi katika muda wa karne mbili hivi. Hivyo ilithibitika kwamba ngome ya mbao haikuwa lazima kituo cha muda cha kusubiri ngome ya mawe.