Springi za mbele: uhai wa gari-nyumba kuukuu katika njia ya Tabora

NJIA ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Tabora hadi Ujiji, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,200, ilikuwa njia ya miguu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu na bidhaa za pwani mabegani na vichwani. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walijaribu kuifuata kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, lakini ng'ombe walikufa kwa mbung'o na mizigo ikarudi mabegani mwa watu. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Mwaka 2006 njia hiyo iliingizwa katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Miongoni mwa wanaoitembelea wamo wasafiri wa magari-nyumba, yaani magari makubwa yenye vitanda, jiko na maji ndani yake. Barabara kuu kadhaa zinazoingia Tabora sasa ni za lami, lakini anayeiacha lami hukutana na mchanga wa miombo, changarawe yenye mawimbi na, wakati wa masika, udongo mweusi wa mbuga. Hapo ndipo springi za mbele hupimwa.

Magari-nyumba mengi ya zamani yalijengwa juu ya chesisi ya lori au basi. Mbele yana ekseli moja nzima iliyolala juu ya springi mbili za majani, yaani vyuma bapa vilivyopangwa tabaka kwa tabaka. Yapo yenye mfumo tofauti: GMC Motorhome, gari la kifahari lililotengenezwa Marekani kati ya mwaka 1973 na 1978, hutumia fito za chuma zinazojisokota badala ya majani. Maelezo yafuatayo yanahusu zaidi springi za majani, ambazo ndizo pia zinazobeba malori mengi na mabasi mengi ya zamani nchini.

Kila springi hushikwa kwenye chesisi kwa pini na bushi. Ncha moja haisogei. Nyingine huning'inia kwenye kiungo kinachoiruhusu kurefuka inapobonyea. Boliti ya katikati hukusanya majani na kuiweka ekseli mahali pake, nazo boliti za umbo la U hukaza springi na ekseli ziwe kitu kimoja. Boliti za U zikilegea, boliti ya katikati hubeba nguvu isiyotengenezewa na hatimaye hukatika. Ekseli ikirudi nyuma upande mmoja, gari huvuta upande huo, na dereva anaweza kushindwa kulimudu usukani.

Dalili za ubovu huonekana mapema kwa anayekagua. Gari huinama upande mmoja likiwa kwenye ardhi tambarare. Mstari wa kutu mbichi huonekana kwenye jani lililopasuka. Tairi huliwa upande mmoja. Shokapu huvuja mafuta. Ili kupima pini kuu ya gurudumu, gurudumu huinuliwa, kisha hushikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, msaidizi hukanyaga breki: mchezo ukiisha, kosa liko kwenye beringi, ukiendelea, pini kuu na bushi zake zimelika.

Kazi huanza kwa usalama. Magurudumu ya nyuma huwekewa kabari, na jeki husimamishwa juu ya ubao mnene, kwa kuwa mchanga wa Tabora humeza jeki bila taarifa. Chesisi hukalishwa juu ya stendi imara, na ekseli hubebwa na jeki yake ya pili. Mtu asiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Kabla ya kufungua, fundi huweka alama upande wa mbele wa kila kipande. Mara nyingi kati ya springi na ekseli pana kipande cha chuma chenye umbo la kabari kinachoipa ekseli mwinamo wake. Kikirudishwa kinyume, gari huyumba barabarani ingawa kila kifaa ni kipya.

Springi hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia, ili urefu na ugumu vilingane. Boliti za U zilizofunguliwa hazirudishwi, kwa kuwa chuma chake kimekwisha kuvutika. Mpya hukazwa kwa zamu na kwa mkingamo, kidogo kidogo, hadi kipimo cha mtengenezaji. Bushi za mpira hukazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote. Zikikazwa likiwa hewani, mpira hujisokota na kupasuka mapema. Baada ya kilomita mia chache boliti zote hukazwa tena, maana majani mapya hujipanga yanapofanya kazi.

Yapo mazoea mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kuchomelea jani lililokatika. Chuma cha springi hupata unyumbukaji wake kwa kupashwa moto, kupozwa ghafla na kupashwa tena kwa kipimo. Joto la kuchomelea huharibu hali hiyo, na jani hukatika tena karibu na kovu. La pili ni kuongeza majani ili gari lichukue mzigo mkubwa zaidi. Springi huwa ngumu, lakini breki, tairi na ekseli hubaki zilezile, na mshindo wa barabara huhamia kwenye chesisi na kuipasua.

Aidha, magari yenye springi za mzunguko au fito zinazojisokota hayafai kufunguliwa bila kifaa maalumu, kwani nguvu iliyojikunja ndani yake inaweza kuua. Fito hizo nazo zina upande wake. Ya kushoto haifungwi kulia.

Msafiri makini hubeba boliti za katikati, jozi ya boliti za U, bushi na bomba la grisi. Pini zenye nipeli hupigwa grisi hadi ile chafu itoke, hasa baada ya siku ya vumbi au ya kuvuka maji. Penye mawimbi ya changarawe mwendo hupunguzwa.  Kila asubuhi kabla ya kuondoka kambini, dereva hukagua boliti za kila springi.