Sura Ndogo Juu ya Pembe

Kabla ya kamera kuzuliwa, mtu wa Ulaya aliyetaka kusafiri na uso wa ampendaye alimwendea mchoraji, akachorewa sura ndogo ya kuenea kiganjani, akaitia katika kidani au katika kijaluba cha tumbaku. Sanaa hiyo ilistawi Uingereza tangu karne ya 16, mikononi mwa mafundi kama Nicholas Hilliard, waliochora juu ya ngozi laini ya mnyama. Mwanzoni mwa karne ya 18, Rosalba Carriera wa Venice akaleta jambo jipya: akachora juu ya pembe ya ndovu. Hapo ndipo, msomaji mwema, habari hii ya mbali inapotugusa sisi watu wa pwani.

Pembe ilipasuliwa kwa msumeno mpaka ikawa bamba jembamba mno, kisha ikasuguliwa. Rangi ya maji haishiki juu yake kwa wepesi, kwa hiyo mchoraji aliiweka nukta baada ya nukta. Malipo ya taabu hiyo yalikuwa mng'ao: mwanga hupenya bamba na kurudi, na shavu likaonekana kama lina damu ndani yake. Mkusanyaji mwenye jicho huutafuta mng'ao huo kabla ya jina la mchoraji. Naye huchunga mambo mawili: jua, lifishalo rangi, na hewa isiyotulia, mara unyevu mara ukavu, ipindayo bamba na kulipasua.

Pembe yenyewe haisemi ilikotoka. Lakini twajua kwamba katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kuu la pembe la Afrika Mashariki, na shehena zake zilikwenda Bombay, London na Marekani. Nyingi ziligeuzwa bangili, vitana na vibao vya piano. Chache zikawa nyuso za mabwana na mabibi, huko Ulaya na hata Delhi, ambako wachoraji walichora wafalme juu ya pembe.

Na kabla ya jahazi palikuwa na bega. Pembe zilitoka Ujiji na Tabora zikichukuliwa na wapagazi, Wanyamwezi wengi miongoni mwao, hadi Bagamoyo. Sayyid Majid alipoanza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, alitaraji misafara ielekee huko. Mauti yakamkuta mwaka 1870, mji haujakamilika. Pembe ikapata uso. Aliyeibeba hakupata.

Mji huo ulikuja kupokea wapagazi wengine. Waingereza walipouteka mwaka 1916, kikosi chao cha wachukuzi, Carrier Corps, kilipiga kambi nje kidogo ya mji, na ndimi zetu zikalifanya jina lile kuwa Kariakoo. Safari hii mzigo haukuwa pembe, ulikuwa risasi na chakula cha vita. Katikati ya mji, tangu mwaka 1927, amesimama askari wa shaba na bunduki yake. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja wachukuzi, lakini kwa ujumla wao tu. Ama kwa hakika, kumbukumbu yao kubwa ni jina la soko, analolitamka kila mnunuzi wa dagaa na khanga bila ya kuwafikiri.

Sanaa ya sura ndogo iliuawa na kamera. Mwaka 1854 Disdéri wa Ufaransa alijipatia haki ya kutengeneza picha za kadi, ndogo na rahisi, na mambo ya mabwana yakawa ya watu wote. Dar es Salaam nayo ikapata studio zake. Mkaazi wa Kariakoo aliweza kuvaa kanzu yake njema, akavuka Mnazi Mmoja kuelekea Uhindini, akaketi mbele ya pazia lililochorwa, akarudi na uso wake. Mjukuu wa mpagazi, hatimaye, alikuwa na sura ya kuenea kiganjani.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inakataza biashara ya pembe, lakini imezisamehe sura ndogo zilizochorwa kabla ya 1918, zisizozidi sentimita za mraba 320. Nyuso zile zina kabati, daftari na sheria. Zetu zimo ndani ya makasha na mikebe ya biskuti, na siku afapo bibi aliyekuwa akizijua, hubaki karatasi ya watu wasio na majina. Fremu huuzwa, picha hutupwa.

Watunzi wetu wa tenzi wana desturi njema: mwishoni humtaja mtunzi, na pengine idadi ya beti na mwaka. Tuwaige. Tuchukue penseli laini, tuigeuze picha, tuandike polepole: jina, mtaa, mwaka. Na tufanye hivyo leo, maadamu bibi yupo wa kuulizwa.