Jinsi kemia ya udongo inavyoathiri mimea katika makaburi ya zamani

Nyasi na vichaka vinavyostawi katika makaburi yasiyotunzwa tena huwafanya wengi kuamini kwamba maiti ndiyo mbolea. Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, ambako vipande vya ardhi vilivyo wazi hulimwa sukuma wiki na managu, imani hiyo huzua mzozo: wapo wanaodhani kuwa ardhi ya aina hiyo ina rutuba kuliko nyingine, na wapo wanaoapa kutozionja mboga zake. Sayansi ya udongo haiungi mkono upande wowote moja kwa moja. Kinachoamua ni aina ya udongo na vitu ulivyopokea.

Udongo wa aina mbili

Upande wa magharibi na kaskazini wa Nairobi una udongo mwekundu, wenye asidi na unaopitisha maji vyema. Ndio ulioko Parklands, yalipo makaburi ya City Park alikozikwa mwanasiasa Pio Gama Pinto mwaka 1965. Upande wa mashariki, kuelekea Embakasi na nyanda za Athi, hutawala udongo mweusi wa mfinyanzi ambao wajenzi huuita udongo wa pamba. Huu hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, huvimba na kutuamisha maji wakati wa masika, na mara nyingi huwa na alkali na chokaa.

Kinachoachwa na mwili

Mwili wa mtu mzima wa kilo 70 huwa na takriban kilo 1.8 za naitrojeni, kilo moja ya kalsiamu na kilo 0.7 za fosforasi. Naitrojeni hutangulia kutoka, kwanza ikiwa amonia, ambayo ikizidi huunguza mizizi. Baadaye hugeuka kuwa naitreti na kusombwa na maji. Fosforasi, ambayo sehemu yake kubwa imo katika mifupa, hubaki.

Katika udongo mwekundu, asidi huyeyusha mifupa polepole, lakini fosforasi inayotoka hunaswa na chuma na alumini. Katika udongo mweusi mifupa hudumu zaidi, na fosforasi hushikana na kalsiamu. Aidha, alkali huzuia mimea kufyonza chuma na zinki, hivyo majani machanga huwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Maji yakituama kaburini hewa hukosekana, uozo hupungua kasi, na mafuta ya mwili huweza kugeuka kitu kigumu kama nta.

Mbona mimea hustawi?

Kaburi kwa desturi huchimbwa kufikia futi sita hivi, ilhali mizizi mingi ya mboga hukaa katika futi mbili za juu. Kwa hiyo mboga hupata kidogo sana kutoka kwa mwili wenyewe. Miti yenye mizizi mirefu ndiyo inayoweza kufika huko. Ustawi unaoonekana hutokana zaidi na kulegezwa kwa udongo wakati wa kuchimba, kutolimwa kwa miaka mingi, na majani yanayoanguka na kuozea papo hapo.

Hata hivyo, virutubisho vikirundikana juu ya ardhi hudumu mno. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2018 ulionyesha kwamba maeneo ya mazizi ya wafugaji wa kale katika Kaunti ya Narok, yenye umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700, bado yana fosforasi na kalsiamu nyingi kuliko ardhi inayoyazunguka.

Hatari iko wapi?

Namna ya kuzika pia huchangia. Waislamu, kama wale wanaozikwa Kariokor, huvishwa sanda tu, nayo huoza yote. Jeneza huongeza vanishi, misumari na vishikio vya chuma. Dawa ya kuhifadhia maiti, fomalini, huvunjwavunjwa na bakteria wa udongo.

Tishio kubwa zaidi Eastlands hutoka kwa walio hai. Mwaka 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilitoa ripoti kuhusu jaa la Dandora: kati ya watoto 328 waliopimwa, nusu walikuwa na kiwango cha madini ya risasi kwenye damu kilichofikia au kuzidi maikrogramu 10 kwa kila desilita. Alkali ya udongo mweusi hupunguza risasi inayofyonzwa na mizizi, lakini haizuii vumbi kutua juu ya majani.

Anayekusudia kulima karibu na makaburi ya zamani anashauriwa kupima udongo kwanza. Maabara ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) huko Kabete hufanya kazi hiyo. Mkulima aulizie kiwango cha asidi, fosforasi na madini ya risasi. Udongo mweusi wenye alkali usiongezwe chokaa. Mboji huufaa zaidi. Mboga nazo zioshwe vyema kwa maji safi kabla ya kupikwa.