Kutoka Pakeji hadi Python: Jinsi Nakuru Ilivyojifunza Kuandika Programu

Mwaka 1939 mlowezi Mwingereza, Lord Maurice Egerton, alianzisha shule ya kilimo huko Njoro, mwendo mfupi kutoka mjini Nakuru, iwafunze vijana wa Kizungu kazi ya shamba. Mwaka 1950 shule hiyo ilipandishwa ikawa chuo, na 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Leo, jirani na wataalamu wa mimea, mifugo na udongo, ina idara ya sayansi ya kompyuta. Anayetafuta historia ya uandishi wa programu katika Bonde la Ufa la kati anaweza kuanzia Njoro. Hata hivyo asiishie hapo, maana sehemu kubwa ya elimu hiyo ilipatikana nje ya darasa.

Kwa miaka mingi kompyuta ilikuwa mali ya serikali, mashirika makubwa na Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kilianzisha taasisi yake ya sayansi ya kompyuta mwaka 1977. Kijana wa Molo, Gilgil au Subukia aliyetaka kuigusa mashine hiyo alifunga safari ya jiji kuu. Miaka ya 1990 kompyuta za mezani zilipopungua bei, vyuo vidogo vilichipuka kwenye orofa za majengo ya miji ya mikoani, vikifunza kile ambacho Wakenya wote walikiita pakeji. Mhitimu wa kidato cha nne alilipa karo, akafunzwa MS-DOS, WordPerfect na Lotus 1-2-3, na baadaye Word na Excel, kisha akaondoka na cheti cha kuombea kazi ya ofisi. Pakeji ziliwapa wengi riziki. Lakini zilimfunza mtu kutumia programu zilizoandikwa na wengine. Namna ya kuandika yake mwenyewe haikuwamo.

Shule za sekondari zilikaribia zaidi. Somo la kompyuta la mtihani wa KCSE, lenye nambari 451, liliweka kanuni za programu katika kidato cha tatu, na hadi leo mtahiniwa huchora chati za mtiririko na kupanga hatua za programu kwa kalamu juu ya karatasi. Vyuoni wanafunzi walikutana na Pascal, C na Java. Ni lugha imara, ila zina masharti: kila jina lazima litangazwe aina yake kabla ya kutumika, na programu nzima lazima itafsiriwe kwanza ndipo mwandishi aone kama inafanya kazi. Nukta-mkato moja ikisahaulika, kazi yote husimama. Kwa mwanafunzi mwenye saa moja tu ya kompyuta kwa juma, masharti hayo yalikuwa ghali mno.

Lugha iliyokuja kulegeza masharti hayo ilianza kuandikwa Desemba 1989 mjini Amsterdam, na Mholanzi Guido van Rossum. Aliiita Python kwa kupenda kipindi cha vichekesho cha Uingereza, Monty Python's Flying Circus, akaitoa kwa umma Februari 1991. Mwanafunzi huandika mstari mmoja na kupata jibu papo hapo. Hatangazi mapema kama jina litabeba namba au maneno. Tena kila kitu ndani ya lugha hiyo, hata namba tupu, kina sifa zake na vitendo vyake.

Jambo hilo la mwisho huwatatiza wanaoanza, ilhali katika nchi ya maziwa kama Nakuru mfano wake hauko mbali. Programu ya chama cha ushirika inaweza kuwa na kielelezo kimoja kiitwacho Mkulima, chenye jina, nambari ya uanachama na jumla ya kilo, pamoja na kitendo cha kupokea maziwa. Kutokana na kielelezo hicho huundwa wakulima elfu, kila mmoja na hesabu yake, bila kurudia kuandika kanuni ileile. Daftari la karani hugeuka kuwa mistari isiyozidi kumi.

Kenya iliona nguvu ya lugha za aina hii katika majonzi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, damu ilimwagika Bonde la Ufa, na mwishoni mwa Januari 2008 ghasia zikaingia Nakuru na Naivasha. Mwezi huohuo Ory Okolloh, David Kobia, Juliana Rotich na Erik Hersman walianzisha Ushahidi, tovuti iliyokusanya taarifa za raia na kuziweka kwenye ramani. Mfumo uliosambazwa bure kwa mataifa mengine uliandikwa kwa PHP, lugha nyepesi inayokaribiana na Python. Kundi dogo, bila kiwanda wala mtaji mkubwa, liliandika kitu kilichotumika duniani kote.

Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitia nanga Mombasa, na intaneti ikaanza kuwa nafuu hadi bara. Waliojifunza kwenye saiba, yaani vibanda vya intaneti, wakihesabiwa dakika, sasa waliweza kupakua Python bila malipo, wakanakiliana vitabu kwa flashi. Hapo waliotegemea vitabu vya zamani walipata shida, kwa sababu toleo la 3 lililotoka Desemba 2008 halikukubaliana na la 2. Ukigawa magunia 7 kwa watu 2, toleo la zamani lilijibu 3. Jipya hujibu 3.5. Toleo la 2 liliachwa rasmi Januari 2020. Siku hizi hata simu ya Android inatosha kuandikia na kuendeshea programu.

Serikali ilifuata nyuma. Mwaka 2016 ilianza kugawa tabuleti kwa wanafunzi wa darasa la kwanza, na 2022 taasisi ya mitaala, KICD, ikaidhinisha mtaala wa usimbaji wa Kodris Africa, unaofunza watoto kwa Python.

Nakuru yenyewe ilipata hadhi ya jiji Desemba 2021. Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kituo cha data huko Olkaria, katika Kaunti ya Nakuru, kitakachotumia nguvu za mvuke wa ardhini. Vituo vya namna hiyo huhitaji watu wanaoweza kuandika programu, na lugha ya kuanzia haina bei. Kinachokosekana ni saa za kukaa mbele ya mashine. Kaunti, shule na vyuo vifungue maabara za kompyuta jioni na wakati wa likizo, ili kijana wa Bahati, Rongai au Kuresoi aandike programu yake ya kwanza karibu na kwao.