"Prescribe" na "Proscribe": Kuagiza na Kupiga Marufuku

Vitenzi vya Kiingereza "prescribe" na "proscribe" vinatofautiana kwa irabu moja tu, lakini maana zake zinakaribia kupingana. "Prescribe" ni kuagiza au kuweka utaratibu unaopaswa kufuatwa. "Proscribe" ni kukataza jambo kwa amri ya mamlaka, yaani kulipiga marufuku. Dawa iliyoandikwa na daktari mgonjwa anatakiwa kuitumia; dawa iliyopigwa marufuku hairuhusiwi kutumiwa na mtu yeyote. Kosa la herufi moja linaweza kugeuza agizo kuwa katazo, na programu ya kusahihisha tahajia haitalibaini kwa kuwa maneno yote mawili yamo katika kamusi. Kwa msikilizaji hali si nyepesi zaidi: silabi ya kwanza ya vitenzi hivi kwa kawaida haina mkazo, na katika usemi wa haraka irabu zake hufifia.

Asili ya maneno

Vitenzi vyote viwili vinatokana na kitenzi cha Kilatini "scribere", maana yake kuandika, ambacho pia ndicho shina la "describe", "inscribe" na "transcribe". Tofauti imo katika viambishi awali. Katika "prescribe", kiambishi "prae-" kina maana ya utangulizi: jambo huandikwa kabla, ili anayetenda afuate yaliyokwisha kuandikwa. Katika "proscribe", kiambishi "pro-" kina maana ya hadharani: jambo huandikwa na kubandikwa watu walione. Neno la Kiswahili "mbele" linaweza kubeba dhana zote mbili, na hapo ndipo penye njia rahisi ya kukumbuka. "Prescribe" ni kuandika mbele ya tendo; "proscribe" ni kuandika mbele ya watu.

Maana ya katazo ilitokana na historia ya Roma. Mwaka 82 KK, baada ya kushinda katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Sulla aliamuru majina ya wapinzani wake yabandikwe hadharani. Aliyetajwa katika orodha hiyo alipoteza ulinzi wa sheria: aliyemuua alilipwa zawadi, mali zake zilitwaliwa, na wanawe na wajukuu wake walizuiwa kushika nyadhifa za umma. Mwaka 43 KK Antonius, Octavianus na Lepidus walitoa orodha zao, na Cicero akawa miongoni mwa waliouawa. Kutangaza jina hadharani kukawa sawa na kumtoa mtu katika ulinzi wa sheria, na baadaye kitenzi kikapanuka kikahusu pia vyama, vitabu, desturi na vitendo.

Matumizi ya kisiasa ya neno hili yanaonekana katika historia ya Kenya. Serikali ya kikoloni ilipowapiga marufuku Mau Mau mwaka 1950, na chama cha Kenya African Union mwaka 1953, kitenzi cha Kiingereza kinachostahili ni "proscribe".

Katika tiba

Tafsiri ya kawaida ya "prescribe" katika tiba ni "kuandikia dawa". Sentensi "The doctor prescribed tablets for the child" ni "Daktari alimwandikia mtoto vidonge". Kauli ya kutendea ni ya lazima hapa, kwa sababu ndiyo inayomwonyesha mlengwa. Nomino "prescription" ni "cheti cha dawa" inapotaja karatasi, na "maelekezo ya daktari" inapotaja namna ya kutumia dawa. Mfasiri awe mwangalifu na "kuagiza dawa" pasipo muktadha, kwani msomaji anaweza kuelewa kwamba dawa zimeagizwa kutoka kiwandani au ng'ambo.

Katika sheria

Uwanja wa sheria ndio wenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu vitenzi vyote viwili hutumika humo na mara nyingine hukutana katika sentensi moja: "The statute proscribes the conduct and prescribes the penalty." Tafsiri yake ni: "Sheria hii inaharamisha kitendo hicho na kuweka adhabu yake." Vitenzi vikibadilishana nafasi, sheria itakuwa imeagiza kosa na kukataza adhabu.

Katika sheria za nchi zilizorithi mfumo wa Uingereza, kivumishi "prescribed" hujitokeza mara kwa mara. "Prescribed form" ni "fomu iliyoainishwa katika kanuni", na "prescribed fee" ni "ada iliyowekwa kwa mujibu wa kanuni". Tangu Tanzania iliporekebisha sheria yake mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, istilahi hizi zimekuwa sehemu ya kazi ya kila siku ya wafasiri wengi. "Ada iliyowekwa" na "ada iliyopigwa marufuku" ni mambo mawili, na mwananchi anayesoma toleo la Kiswahili hana sababu ya kushuku kwamba lile la Kiingereza linasema vingine.

"Prescription" ina maana nyingine katika sheria ya mali: haki inayopatikana kutokana na matumizi ya muda mrefu. Uingereza ina sheria ya mwaka 1832 yenye jina hilo, ambayo chini yake matumizi ya miaka 20, kwa mfano ya kupita katika ardhi ya jirani, yanaweza kumpa mtumiaji haki ya kuendelea kupita. Hapa "cheti cha dawa" hakina nafasi. Tafsiri iliyo wazi ni "haki itokanayo na matumizi ya muda mrefu".

Katika isimu

"Prescriptive grammar" ni "sarufi elekezi", yaani ile inayoelekeza namna lugha inavyopaswa kutumiwa, tofauti na "sarufi fafanuzi", inayoeleza inavyotumiwa. Uwanja huu unaonyesha kwa nini maneno haya mawili huchanganywa hata na wajuzi. Robert Lowth, katika sarufi yake ya Kiingereza ya mwaka 1762, alieleza kwamba vikanushi viwili katika sentensi hubatilishana. Kanuni hiyo ilipofundishwa darasani ikawa katazo, na bado sarufi ya namna hiyo huitwa elekezi. Kila anayeagiza njia moja huwa amefunga nyingine. Hata hivyo, vitenzi havibadilishani nafasi: "prescribe" hutaja njia iliyochaguliwa, na "proscribe" hutaja ile iliyofungwa.

Uzito wa katazo

"Proscribe" si sawa na kila katazo. Mzazi anayemzuia mtoto kucheza mvuani anakataza tu, na Kiingereza kitatumia "forbid". "Proscribe" huhitaji mamlaka na tangazo: serikali, mahakama, taasisi ya dini au chombo cha kitaaluma. Kwa hiyo "kupiga marufuku" na "kuharamisha" huibeba maana yake vizuri kuliko "kuzuia", ambalo laweza kuwa tendo la mtu yeyote na hata la kitu.

Kwa ufupi

Penye dawa, fomu, ada, adhabu au utaratibu wa kufuatwa, tarajia "prescribe": kuandikia, kuweka, kuainisha, kuelekeza.

Penye chama, kitabu, desturi au kitendo kilichoharamishwa, tarajia "proscribe": kupiga marufuku, kuharamisha.

Penye shaka, weka "kupiga marufuku" mahali pa kitenzi. Sentensi ikibaki na mantiki, neno ni "proscribe". Ikipotea, ni "prescribe". Zikibaki tafsiri mbili zenye mantiki, kipimo hiki hakitoshi: isomwe ibara nzima na kulinganishwa na matini asilia kabla ya kufasiri.